Jumamosi: kufungua mashine ya kupima valvu

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi saa 3:00 asubuhi tukutane karakana ya Nyakato, Mwanza, tufungue ile TV-7, mashine yetu ya kupima valvu za redio (zile taa za kioo). Mchango sh. 10,000 kila mmoja, mwisho Alhamisi jioni. Vipuri vinanunuliwa Ijumaa.

Tafadhali, mtu asiichomeke ukutani! Ni ya volti 115, umeme wetu 230. Nani ana stepdauni (transfoma ya kushusha volti)? Na balbu ya zamani ya wati 60, tuiunge mfululizo upande wa 230: ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti ndani.

1. Kapasita za karatasi zinatoka zote. Zikivuja umeme, taa ya mashine inayoonyesha shoti huwaka hata kwa valvu nzima.
2. Rezista: fungua mguu mmoja kwenye saketi ndipo upime.
3. Swichi zimeshika kutu, unyevu wa ziwa huu. Spiriti na brashi laini, msasa marufuku.

Valvu ya 83, ile ya ndani ya mashine inayogeuza AC kuwa DC, ina zebaki, ishikwe kama yai. Wanaotaka kuweka dayodi badala yake, mimi sikubali: 83 hula takriban volti 15, dayodi haifiki 2, kwa hiyo volti zitazidi, vipimo vyote vitapanda na valvu iliyochoka itaonekana nzima.

Jibu NAKUJA, na utaje unacholeta, kabla ya kesho saa 4 usiku. Asanteni.