Tuliache swali la "Umeshaomba?": barua kwa wazazi wenzangu wa Mtwara na Lindi

Wazazi na walezi wenzangu,

Walionitangulia, shikamooni. Wadogo zangu na wanangu, poleni na mihangaiko ya msimu. Nawaandikia kutoka Mikindani, mimi mwalimu mstaafu na bibi wa wajukuu saba, kwa jambo ninaloliona kila mwaka mikorosho inapochanua. Sisi tupo shambani na mabomba ya salfa, na mtoto aliyemaliza kidato cha sita yupo nyumbani na simu. Tukirudi jioni tunamwuliza, "Umeshaomba chuo?" Anajibu, "Bado siku nyingi." Tunagomba, ananuna, tunalala. Kesho yake hivyo hivyo, mpaka dirisha la maombi linafungwa na kelele zinahamia kwa majirani.

Naomba tuliache swali hilo. Nililiuliza mimi likizo nzima ya Desemba, kila jioni, na halikumsogeza mtu hata hatua moja.

Mjukuu wangu niliyemlea alikuwa kidato cha sita, na pamoja na mipango ya vyuo vya hapa nyumbani alitaka kujaribu chuo kimoja cha Marekani kinachowasaidia ada wasio na uwezo. Vyuo vingi vya huko hupokea maombi kupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni inayotumwa kwa vyuo vingi, na mbali na matokeo ya shule na barua za walimu, vinataka insha ya mwombaji mwenyewe, isiyozidi maneno 650. Vingi hufunga Januari mosi au siku za karibu nayo. Barua za walimu alikuwa ameshaziomba kabla shule haijafungwa, na hapo alifanya la maana, kwa sababu mwalimu akishapanda basi kwenda kwao likizo humpati tena. Ilibaki insha. Kijana Kiingereza anakijua. Nikaamini anazembea tu, nikamwita mvivu mbele ya wajomba zake. Neno hilo najuta kulitamka.

Usiku mmoja niliamka kunywa maji nikaona mwanga ukumbini. Yumo, kaegemea ukuta, simu mkononi, ukurasa uko wazi na una mstari mmoja tu: kwamba tangu akiwa mdogo alikuwa na ndoto. Nikamwuliza, "Huu umeuandika lini, baba?" Akasema, "Wiki ya pili hii, bibi. Kila usiku naufungua." Nikakaa chini palepale kwenye mkeka. Akaniambia, macho yakiwa kwenye simu, kwamba akituma wakamkataa itakuwa wamemkataa yeye, lakini asipotuma atasema muda ulimwishia.

Wazazi wenzangu, mtoto niliyemwita mvivu alikuwa halali usiku. Kazi ile hakuidharau hata kidogo. Aliitaka mno, ndiyo maana akaiogopa. Tangu siku ile nimewachunguza vijana wengi wa mtaani kwangu wanaosema "kesho", na wengi wao nawakuta na hofu ileile: ya kushindwa, ya ada, ya kwenda mji usio na ndugu, au ya sisi wenyewe.

Sikumwambia andika. Nilimwomba anieleze kwa Kiswahili kazi yoyote aliyowahi kufanya ambayo watu wazima walimtegemea. Akafikiri, kisha akanisimulia habari za ghalani kwenye chama cha msingi, kule tunakopeleka korosho zetu za shamba la Nanyamba. Wazee wasiosoma walikuwa wakimwita awasomee stakabadhi zao. Siku moja akaona kilo zilizoandikwa kwenye karatasi ya mzee mmoja ni pungufu ya zile alizoziona kwenye mizani. Akasimama katikati ya watu wazima, foleni imejaa, akasema hapana, tupime tena. Alisema sauti ilimtetemeka na alitamani ardhi immeze. Wakapima tena. Mzee akapewa kilo zake, akamshika kichwa bila kusema neno.

Mimi nilikuwa naandika maneno yake nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Asubuhi nikampa nikamwambia insha yake ndiyo hii, aanze na pale foleni imejaa, ndoto aziache. Akaandika jioni nne mfululizo baada ya Isha, nusu saa nusu saa, simu ya kuchezea ikiwa chumbani kwangu na yeye akitumia kompyuta ya kuazima. Mara ya kwanza alizidisha maneno karibu 200. Kuyapunguza kulimuuma kuliko kuyaandika.

Nilifundisha Kiingereza miaka 31, na nakiri mkono uliniwasha. Lakini sikumwandikia hata sentensi moja. Kazi yangu ilikuwa kusoma na kusema, "Hapa sijakuelewa," basi. Ukimwandikia mwanao insha umemwambia wazi kwamba humwamini, tena unamtia kwenye udanganyifu, kwa maana fomu humtaka athibitishe kuwa kazi ni yake. Kaa karibu naye, chambua mchicha wako, muulize maswali. Kalamu mwachie.

Chuo kile hakikumchukua. Jibu alilisoma Mei, alipomaliza mtihani akarudi nyumbani. Alikaa nalo siku mbili hasemi na mtu, siku ya tatu akaniomba nauli ya kwenda kufuatilia cheti chake cha kuzaliwa. Alilokuwa akiliogopa lilikuwa limeshamfika, na bado anapumua.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize sana, maana kwa wengi wetu, wa vyuo vya hapa nyumbani, insha haimo, ila vyeti vimo. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na dirisha la kwanza la udahili huwa ni wiki chache tu. Mwaka 2024 dirisha la mikopo lilifunguliwa Juni, kabla matokeo hayajatoka. Kijana anaomba chuo kwa chuo chenyewe, anaomba mkopo Bodi ya Mikopo, na cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo. Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Sasa wangapi huku kwetu tumewazika wapendwa wetu kijijini na cheti cha kifo hatujakifuatilia mpaka leo? Wangapi tuna watoto ambao cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi na cha shule kinasema Mohamed? Hayo hayamalizwi kwa siku moja ya mwisho, wakati mtandao umeelemewa na foleni ya stationari imefika barabarani. Fomu ya mkopo inataka saini na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, inataka mdhamini, inataka kamishna wa viapo. Mtendaji anaweza kuwa kikaoni Newala. Mdhamini anaweza kuwa Liwale kwenye ufuta. Kijana wa miaka 19 akiuona mlolongo huo peke yake anazima simu na kwenda kucheza mpira, na kwa kweli simlaumu.

Mabomba ya salfa tunayatafuta kabla ugonjwa wa ubwiri unga haujashika maua ya mikorosho. Basi na vyeti vitafuteni Aprili na Mei, mtoto akiwa bado shuleni. Na akishakwenda kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wewe mzazi ndiwe miguu yake. Kazi hiyo haihitaji Kiingereza wala kompyuta.

Jingine dogo, ila limewaponza wengi. Msikubali fomu ijazwe kwa namba ya simu ya mwenye stationari. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja, na namba ya siri ya kuthibitishia huja kwa ujumbe kwenye simu iliyojazwa. Iwe laini ya mtoto au yako, na nywila iandikwe kwenye daftari la nyumbani.

Kuna kuchelewa kwingine ambako chanzo ni sisi. Mwaka 1991 mwanangu wa kwanza aliletewa fomu ya chuo cha ualimu. Mimi ndiye niliyeitaka. Yeye alitaka ufundi wa mitambo, alishaniambia mara mbili na mara zote mbili nilicheka. Fomu ikakaa kwenye droo chini ya madaftari ya wanafunzi wangu niliyokuwa nasahihisha kila usiku, watoto wa watu, mpaka tarehe ikapita. Nikamwita mzembe. Ilimchukua miaka sita kufika alikotaka kwa njia ya kuzunguka, na hajawahi kunilaumu, na kutonilaumu huko ndiko kunakoniuma. Kama mwanao hajazi fomu, tazameni mstari wa kozi. Pengine umeandika wewe udaktari na yeye moyo wake uko kwenye kilimo au uhasibu. Mwulizeni, baba na mama, mkiwa mmekaa, msimwulize mkiwa mmesimama mlangoni. Na kama alama zake zinampeleka stashahada, hiyo ni njia halali, wala asifichwe kwa wageni kama aliyefanya kosa.

Na tarehe ya nyumbani iwe kabla ya tarehe ya chuo. Kwangu ni siku kumi kabla. Siku hiyo tunapika pilau hata kama ni Jumanne, na kijana anajua kwamba pilau haipikwi mpaka kitufe cha kutuma kimebonyezwa mbele yangu.

Baraza yangu iko wazi kila jioni baada ya Alasiri. Asiye na mtu wa kukaa naye amlete, aje na daftari na vyeti alivyo navyo, hata kama ni nusu. Kesho asubuhi natoka na binti wa jirani kwenda kwa mtendaji. Fomu yake imebaki ukurasa mmoja usio na muhuri, na mama yake yuko shambani mpaka Ijumaa.

Bibi yenu,
Mikindani