Shangazi, swali lile la kwenye kamati ya mazishi

Shangazi mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumai mguu umepata nafuu, na kwamba bado unapanda zile ngazi za kanisani ukishika ukuta na kuukataa mkono wa kila anayetaka kukusaidia.

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu swali lako uliliuliza mbele za watu, na waliolisikia wanatembea nalo mpaka leo. Jina lako silitaji, la kanisa letu silitaji, na marehemu nitamwita Baba Mdogo tu. Adabu uliyonifunza inasema mtoto hamjibu mzazi barazani, nami sijaisahau. Nipokee kama mtoto anayesema akiwa amesimama, mikono nyuma.

Ilikuwa jioni, kwenye ile hoteli ya ghorofani karibu na River Road tuliyokuwa tukikutania kupanga mazishi. Mweka hazina alikuwa akisoma jumbe za M-Pesa kwa sauti, na binti ya marehemu, huyu wa kidato cha pili, akiandika majina na kiasi kwenye daftari la hesabu, lile la miraba. Deni la mochari lilikuwa bado, jeneza bado, lakini mchango ulikuwa unaingia. Ndipo ukauliza, tena kwa sauti ya chini: "Lakini jamani, huyu alikuwa ameokoka?" Mzee mmoja akakohoa. Watu wawili waliokuwa wameshika simu tayari kutuma wakazirudisha mfukoni. Niliwaona kwa macho yangu. Yule msichana akaacha kuandika. Akaanza kujaza wino ndani ya miraba ya daftari, mmoja baada ya mwingine, mpaka kikao kilipofungwa kwa maombi.

Uliyoyajua juu ya kaka yako ni kweli, sina hata moja la kupinga. Aliendesha matatu ya 58, Buruburu na mjini, miaka nenda miaka rudi, na pesa ya Ijumaa ilikuwa haifiki nyumbani yote. Aliishi na mama ya watoto wake bila kupita madhabahuni. Kanisani alionekana kwenye harusi za wenzake. Kanisa liliposema halitatoa mchungaji kwa kuwa hakuwa mshirika hai, halikumsingizia. Najua pia kwamba asubuhi za Jumapili aliwabeba akina mama wa kanisa bila kuwatoza nauli, nawe ulikuwa mmoja wao, lakini hilo silileti kama utetezi. Tulikariri sote Waefeso 2: si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Kama nauli ya bure ingemwingiza mtu mbinguni, Yesu asingekuwa na haja ya kuja.

Ninachokuomba, Shangazi, ni turudi Golgotha kidogo, maana nahisi tumezoea kuihadithia haraka haraka.

Mathayo anasema wale wanyang'anyi waliosulubiwa pamoja na Yesu walimshutumu vilevile. Hasemi mmoja, anasema wanyang'anyi. Luka ndiye anayetupa habari ya yule aliyemkemea mwenzake, akasema, "Ee Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako," akajibiwa, "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Wapo wanaoziona habari hizi mbili kama zinapingana. Wengi wamezisoma kwa pamoja: walianza wakitukana wote wawili, na katika saa zile ndefu mmoja akageuka. Marko anasema walisulubiwa saa tatu. Giza likaanza saa sita, likakaa mpaka saa tisa.

Sasa mfikirie mtu wa ukoo wa yule mnyang'anyi. Amesimama pale asubuhi, amesikia kwa masikio yake jamaa yao akimtukana Masihi. Hakuweza kuendelea kutazama, na nani angemlaumu? Akaondoka kabla ya giza. Jioni wakimwuliza nyumbani alikufa vipi, atasema alikufa akitukana. Hatakuwa amesema uongo. Atakuwa shahidi mwaminifu wa alichokiona, na bado atakuwa amemwambia mama mtu jambo lisilo kweli kuhusu mwanawe.

Na huyo aliyeahidiwa pepo hakuwa na chochote ambacho kamati yetu ingekikubali. Hakubatizwa. Hakurudisha alichoiba. Hakuwa na kadi ya ushirika wala risiti ya zaka. Alikuwa na sentensi moja, na pale penye makelele ya askari na watu wanaodhihaki, sidhani wengi waliisikia. Aliyeambiwa aliisikia.

Baba Mdogo alilazwa wiki kadhaa kabla ya kufariki. Tulienda kumwona saa za kutembelea wagonjwa, na kengele ikilia tunatoka. Saa nane za usiku alikuwa na nani? Mimi sikuwepo, nawe hukuwepo. Sisemi aliomba. Sisemi hakuomba. Nasema wewe na mimi tulitoka wadini kabla ya giza, na ushahidi wetu unaishia hapo.

Najua utanijibu kwa Mathayo 7: mtawatambua kwa matunda yao. Ni kweli imo, na ni sura ileile inayoanza na "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi." Lakini ukirudi mstari mmoja nyuma utaona ni matunda ya nani yanayozungumziwa: manabii wa uongo, mbwamwitu waliovaa mavazi ya kondoo. Hapo Bwana anatuamuru tufungue macho. Kama kuna mahali Wakenya tulitakiwa kuamka mapema ni msitu wa Shakahola kule Kilifi, ambako kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge kula ili wamwone Yesu. Kupima mafundisho ya anayeshika maikrofoni ni wajibu. Mtu aliye hai akipotoka, mwende, mkalishe chini, mwambie. Paulo anawaagiza Wagalatia wafanye hivyo kwa roho ya upole, wakijiangalia nafsi zao. Wewe mwenyewe ulimwambia Baba Mdogo mambo makali usoni pake akiwa hai, kwake sebuleni, naye alikuheshimu kwa hilo. Ila maiti haikemewi. Tukimzungumzia aliyekwisha kufa, anayebaki kusikia ni mtoto wake mwenye kalamu.

Niseme pia kwamba upande wa pili haunifurahishi. Mazishi yetu ya siku hizi kila mtu ametua mbinguni. Wasifu wa marehemu unasomwa, mwizi wa mali ya umma "amepandishwa utukufuni", na mwanasiasa anapewa maikrofoni kuthibitisha. Kumwingiza mtu mbinguni kwa kura ya waombolezaji ni kukalia kiti kilekile ulichokikalia wewe ulipouliza, tofauti ni hukumu tu.

Kuna jambo la Nyanya nataka kukukumbusha, ingawa wewe ni binti yake na mimi ni mjukuu. Uamsho ule wa kiroho uliotoka Gahini, Rwanda, ukapitia Uganda, ulifika Kabete hapa Kenya mwaka 1937, na ni katika mkondo wake Nyanya alimpokea Yesu akiwa msichana. Wazee wale walijulikana kwa jambo moja lililowaudhi watu wengi: kila mmoja alianza na dhambi zake mwenyewe, tena hadharani. Watu walirudisha vitu walivyoiba. Wamishenari waliomba radhi kwa dharau yao kwa Waafrika. Na miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopigana na Mau Mau, wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau, wakakataa pia bunduki za serikali, na kuna waliouawa kwa sababu hiyo. Kutembea nuruni, walivyosema, kulikuwa kujimulika.

Nakumbuka ushirika wa Alhamisi nyumbani kwa Nyanya, sisi watoto tukiwa jikoni tunachungulia. Ukianza kueleza ya jirani, Nyanya alikatiza: "Hayo ni yake. Wewe uko wapi?" Hapakuwa na njia ya kutokea. Sijui ni lini ushirika wetu ulihama kutoka kwenye swali hilo na kuanza kukagua urefu wa sketi, nani ameolewa kanisani na nani ameonekana wapi na nani. Kazi hiyo ni rahisi, ndiyo maana inapata watu wengi wa kujitolea.

Yeremia anasema moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote, una ugonjwa wa kufisha, nani awezaye kuujua? Mstari huo tumeuelekeza kwa walevi na wazinzi, lakini nabii hakuweka majina. Paulo, mtume mzima, anawaambia Wakorintho kwamba hata nafsi yake haihukumu. Anamwachia Bwana atakayeyamulika yaliyositirika gizani na kuyaweka wazi mashauri ya mioyo. Kama Paulo hakujiamini kuusoma moyo wa Paulo, moyo wa dereva wa 58 tutausoma kwa miwani gani?

Nimetaka kusema kwamba swali lako lilitokana na uchungu, kwamba Baba Mdogo alikuwa kitindamimba wa mama yenu, kwamba umemwombea miaka na hukuona jibu, na kwamba uliuliza kwa hofu wala si kwa kiburi. Lakini nikifika hapo nami nitakuwa nausoma moyo wako. Naishia kwenye nilichosikia.

Ushuhuda wako naujua kwa ghibu. Ukisimama, unataja mwaka, unataja mahubiri, unalia palepale unapolia kila mara, halafu unasema, "Isingekuwa neema." Naiamini kila sentensi. Uliyemtegemea siku hiyo hakukuuliza maswali ya kamati. Ndiye huyohuyo aliyekuwa katikati ya misalaba miwili, na ndiye atakayeketi kuhukumu. Kwangu hilo linatosha kumwachia kaka yako.

Baada ya mazishi yule msichana alinifuata kwenye gari, akaniuliza baba yake yuko wapi. Nilimwambia mimi sijui, anayejua ni Yesu, nikamweleza habari ya mnyang'anyi kama nilivyokueleza hapa. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama Shangazi amewakasirikia.

Wamefunga shule wiki hii. Mama yake huwa kibandani akiuza mboga mpaka saa moja na nusu, kwa hiyo twende Jumamosi usiku, nitakuja kukuchukua ili mguu usikusumbue kwenye matatu. Lile daftari la michango bado liko kwake, na kuna majina ya watu wa ushirika wenu ambayo hakujua yanavyoandikwa. Msaidieni kulimaliza, maana shukrani hazijatumwa.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.