Jeni inayodaiwa haipo

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi, na hongera kwa kazi mpya. Khamisi ndiye aliyenipasha. Wewe umenyamaza kimya, haya tu. Mimi mzima, ila kuna jambo limenikaa rohoni.

Ni zile jenomu za mitokondria za kombe, yaani DNA yote ya vile viungo vya seli vinavyotengeneza nishati. Jeni 12 za protini zimekaa sawa, zote kwenye uzi mmoja wa DNA, zinasomeka kuelekea upande mmoja. Ya 13, atp8, ile ya kipande kidogo cha kimeng'enya cha kutengeneza nishati, programu ya kutambua jeni inasema hakuna. Mkubwa wetu naye anataka tuandike "haipo" tusonge mbele, kwa kuwa hata jenomu ya kome Mytilus edulis ilipochapishwa mwaka 1992 ilisemwa hivyo hivyo. Mimi nimegoma. Ngapi zimetangazwa kupotea kwa jamii hii, kisha zikaonekana palepale!

Kwa binadamu huhangaiki kuitafuta: atp8 imebanana na jeni jirani, atp6, zinapandana kwa besi (herufi za DNA) 46. Kwa kombe jirani hakuambii kitu, maana mpangilio wa jeni umevurugika hata baina ya jamaa wa karibu. Protini yenyewe ni fupi na inabadilika upesi, basi kulinganisha herufi kwa herufi ni kujichosha.

Halafu kuna madume. Tezi zao za mbegu zinatoa mfuatano wa DNA ya mitokondria tofauti na ule wa mguu. Rehema anaapa ni uchafu wa sampuli. Mbona kwa kombe Ruditapes philippinarum mama huwapa watoto wote mitokondria zake, na baba huwarithisha wanawe wa kiume za kwake? Lakini hilo tuliache kwanza, nitakuchanganya.

Nirudi kwenye atp8. Nina kipande kati ya jeni mbili, kinaanza na ATT badala ya ATG, herufi tatu za kawaida za kuanzia jeni. Pengine ndiyo sababu kimerukwa. Mwanzoni zimepangana asidi amino zinazokimbia maji, zinatosha kupenya utando mara moja, na mkiani ziko zenye chaji. Hiyo si sura ya atp8 jamani?

Nikikutumia, utanitazamia? Utakumbuka kutumia msimbo wa jeni wa mitokondria za wanyama wasio na uti wa mgongo, herufi TGA zisisomeke kama alama ya mwisho wa protini? Mfuatano wa wale madume wenu bado unao? Na mkubwa akibisha, utasimama nami au utanikana kama siku ile ya semina?

Nijibu upesi, kabla hajaituma ile rasimu.

Wako,
Saumu