Ziara ya makumbusho imesogezwa: naomba uthibitisho

Habari za jioni wapendwa,

Ziara yetu ya makumbusho ya wanawake waasisi sasa ni Jumamosi hii, si Jumapili. Tukutane lango kuu saa 3:00 asubuhi. Mwongozaji anaanza saa 3:30 kamili.

1. Kiingilio ni kile kile tulichokubaliana. Mweka hazina anapokea hadi Alhamisi saa 2 usiku, kwani tiketi za kikundi zinalipiwa pamoja.

2. Kila mmoja achague mwanamke wa kutusimulia habari zake kwa dakika tatu. Mimi nimemchukua mwanafizikia Lise Meitner. Mwaka 1939 yeye na mpwa wake, Otto Frisch, walieleza jinsi kiini cha atomu kinavyopasuka, lakini Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya 1944 kwa ugunduzi huo akapewa peke yake Otto Hahn, mkemia aliyefanya utafiti pamoja naye. Inaniuma kila nikiisoma! Jocelyn Bell Burnell, aliyegundua palsa (nyota zinazozunguka kwa kasi na kutoa mapigo ya mawimbi ya redio) mwaka 1967, bado hana msimulizi. Nani anamchukua?

Watoto waje pia, hasa mabinti zetu.

Tafadhali jibu hapa “NAKUJA” pamoja na jina la uliyemchagua, kabla ya Jumatano usiku. Asanteni sana.