Barua ya wazi kwa Meya: tunaomba viti vyenye kura

Mheshimiwa Meya,

Nakuandikia nikiwa katibu wa kikundi cha akina mama katika mtaa ambao kwenye ramani ya jiji umechorwa kama eneo wazi. Pongezi zako kwa kazi yetu ya mtaani tumezisikia na tunashukuru. Ombi letu ni moja: kamati inayopanga maji, vyoo na mifereji itupe viti, na viti hivyo viwe na kura.

Ninatunza daftari la kikundi. Limejaa majina: wazee wanaoishi peke yao, mama aliyejifungua juzi na hana wa kumchotea maji, aliyechangia mfuko wa matibabu, na anayestahili kuongezewa muda wa kutoa mchango wake. Bomba likikauka, tunajua ukavu umeanzia wapi, kwa sababu wenye ndoo ni sisi. Mvua ikizidi, tunajua nyumba inayoingia maji kwanza na mgonjwa wa kubebwa. Haya yote tunayafanya kabla ya kwenda vibaruani na baada ya watoto kulala, bila malipo, na mipango ya ofisi yako inayategemea bila kuyataja.

Kisha wataalamu wanakuja. Mkutano unaitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, wachache wanaofika wanasaini mahudhurio, wanaoneshwa mchoro uliokwisha kupitishwa. Choo kimewekwa mwisho wa kichochoro chenye giza. Hakuna mama wa pale ambaye angekubali binti yake aende huko usiku, lakini hakuulizwa.

Kwingineko wamethubutu. Mumbai, India, wanawake walioishi kandokando ya barabara waliunda kikundi chao, Mahila Milan, mwaka 1986, wakaweka akiba, wakahesabu kaya zao wenyewe, na serikali ikalazimika kuzungumza na watu wenye takwimu mkononi. Lima, Peru, akina mama wa vitongoji waliandamana hadi mpango wa maziwa ya watoto, ulioanza 1984, ukawa sheria ya nchi mwaka uliofuata. Sheria ya 2001 ikawatengea nafasi tatu katika kamati inayosimamia mpango huo kwenye kila manispaa, na wanaozikalia huchaguliwa na akina mama wenzao. Hilo ndilo tunalolitaka hasa, maana mjumbe aliyeteuliwa na ofisi huisemea ofisi.

Mikutano iwe jioni, na anayehesabu kaya kwa niaba ya jiji alipwe kama mhesabuji mwingine yeyote.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya kikao cha bajeti, nilisome mbele ya kikundi.

Katibu wa kikundi