Vijana wafundishwe kusoma XML kwa ramani za mitaa yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi walimu wa kompyuta tumelipuuza kwa muda mrefu, nalo ni kuwafundisha vijana kuandika programu zinazosoma kama inavyopasa faili la XML, yaani faili ambamo data huandikwa pamoja na majina ya data hizo.

Hivi karibuni mwanafunzi wangu mmoja aliniletea programu ya kuchora visima vya Tandale kutokana na data za OpenStreetMap, ile ramani huria ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo hapa Dar es Salaam ilijazwa kwa kiasi kikubwa na wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015. Faili la kwanza lilisomeka vizuri. La pili, lililotoka kwingine, liliipeleka Tandale nzima Hispania, si mbali na mpaka wa Ureno. Programu yake ilichukua namba ya kwanza kuwa latitudo na ya pili kuwa longitudo, na katika faili lile longitudo ndiyo iliyotangulia. Faili halikuwa na kosa lolote, kwa kuwa katika XML mpangilio wa sifa ndani ya lebo hauna maana (lebo ni jina la data lililowekwa kati ya mabano ya pembe, na sifa ni taarifa ndogo ndani yake yenye jina na thamani, kama kina="40" katika mfano ulio hapa chini). Kinachohesabika ni jina la sifa.

XML ilipitishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya mtandao, tarehe 10 Februari 1998. Haina msamiati wake yenyewe, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu mtoto wa kidato cha pili anaweza kuandika kwa Kiswahili chake:

<visima><kisima kina="40">Tandale</kisima></visima>

na kompyuta yoyote ikaelewa muundo wake. Masharti ni machache lakini hayana msamaha: faili liwe na mzizi mmoja, yaani lebo moja ya nje inayobeba nyingine zote, kila lebo iliyofunguliwa ifungwe, iliyofunguliwa mwisho ifungwe kwanza, thamani ya sifa ikae ndani ya alama za nukuu, na «Kisima» kwa herufi kubwa ni kitu tofauti na «kisima». Sharti moja likivunjwa, kisomaji, yaani programu inayolisoma faili, husimama na kutaja mstari kilipogundua kosa. Wapo wanaouona ukali huu kuwa usumbufu. Mimi nauona kuwa ni heri kwa mwanafunzi, maana anaambiwa papo hapo alipokosea.

Kisomaji hicho hakihitaji kununuliwa. Lugha ya Python, ambayo ni ya bure, inacho tayari, na kazi yote ni mistari minne:

import xml.etree.ElementTree as ET
mti = ET.parse("visima.xml")
for k in mti.getroot().iter("kisima"):
    print(k.text, k.get("kina"))

Faili linageuzwa kuwa mti wenye mzizi na matawi, kisha tunauzunguka mti huo tukiomba kila kitu kwa jina lake. Laiti mwanafunzi wangu angeomba «lat» na «lon» kwa namna hiyo, visima vyake visingevuka bahari. Kwa faili kubwa, kama ramani ya nchi nzima, njia hii hujaza kumbukumbu ya kompyuta, na hapo hutumika amri nyingine ya kisomaji hicho hicho iitwayo iterparse, inayosoma kipande kwa kipande mradi kila kipande kilichokwisha kutumika kifutwe.

Ombi langu kwa walimu wenzangu ni kwamba muhula ujao tuache mifano ya vitabu vya maktaba za ng'ambo, tupakue ramani ya kata ilipo shule kutoka tovuti ya OpenStreetMap, ambayo huitoa katika XML, na tuwape wanafunzi kazi ya kuorodhesha visima, zahanati na shule zilizomo. Ikishapakuliwa mara moja, somo linaendelea hata siku ambayo intaneti haipo, na mwanafunzi atakayeona kisima cha jirani yake kimekosekana anaweza kwenda kukiongeza mwenyewe.

Mwalimu wa kompyuta,
Dar es Salaam