Nimemlilia paka, dada anasema mama sikumlilia hivi

Anti shikamoo. Nakuandikia adhana ya alfajiri bado haijaita, usingizi umegoma kabisa, kwahiyo kama kuna sehemu haieleweki nivumilie tu.

Shida ni paka. Najua hapo kuna wasomaji wako washaanza kucheka, wacheke tu, nishachekwa na damu yangu sembuse wao. Paka wangu ni mweupe pee, masikio ya pinki mpaka ukimmulika na tochi unaona mishipa. Sasa sikio la kushoto lilitoka kidonda kwenye ncha, nikajua kapigana maana Tandika usiku madume ya paka yanavyogombana juu ya mabati unayajua. Kikaota gaga, gaga likadondoka, damu, likaota tena. Mama mwenye nyumba akasema nimpake GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, nikapaka, paka akatembea na sikio la zambarau watoto wa uani wanamwita bibi harusi. Wapi. Sasa hivi ile ncha yenyewe haipo, imelika, na akijikuna usiku naamka nakuta matone kwenye foronya.

Nikamtia kwenye kikapu cha sokoni nikafunga na khanga juu, bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo. Kitu cha kwanza kaniuliza mchana analala wapi. Nikamwambia juu ya ukuta, jua la saa sita lote lake. Akasema paka weupe ngozi ya masikio na pua haina rangi ya kuwakinga, jua linawaunguza kama linavyowaumiza ndugu zetu wenye ualbino, kidonda kisichopona pale kinaweza kuwa kansa ya ngozi. Kinaweza, hakusema ni. Inaweza pia kuwa fangasi au kidonda cha kawaida, ila kwa macho hawezi kujua, lazima akate kinyama kipelekwe maabara, kasema Morogoro kule chuo kikuu cha Sokoine. Ikiwa ndiyo na haijatoka nje ya sikio, analikata sikio lenyewe, paka anasikia vilevile na anaweza kuishi miaka tu. Akanikataza na panadol, kumbe kwa paka ni sumu inaua, na jirani alikuwa kashanivunjia nusu kidonge, Mungu kaepusha.

Kipimo na kukata sikio ni hela. Ndo nikamrekodia dada yangu voisi, mkubwa wangu, kwamba naomba unikopeshe. Nililia kwenye ile voisi, sikatai, nilikuwa nimetoka kwa daktari muda huo huo. Anti, dada kaichukua ile voisi kairusha kwenye grupu la familia. Na imoji za kucheka machozi. Mjomba akaandika poleni na msiba wa paka, binamu wakaanza kuulizana tanga linaanuliwa lini. Sawa, utani, sisi familia ya utani. Ila dada mwenyewe akaja kumalizia chini, "mama alipokuwa Ocean Road hukumlilia hivi."

Mbele ya watu wote wale. Mama hukumlilia hivi.

Nani alikuwa anampeleka mama mionzi pale hospitali Ocean Road? Si mimi? Ilikuwa kansa ya shingo ya kizazi, tumechelewa kujua, na mimi ndo nilikuwa napanda naye daladala alfajiri tuwahi foleni, namshika kiuno konda asimsukume, nikirudi namfulia, nampikia uji wa ulezi anakunywa vijiko viwili anasema nimeshiba mwanangu. Dada alikuwa anakuja jumapili na matunda. Matikiti. Mgonjwa hali unamletea tikiti zima. Sijawahi kumsema kwa hilo, kila mtu na majukumu yake. Mimi sikulia kwa sababu nilikuwa na kazi ya kufanya, ningelia saa ngapi? Yeye alilia msibani mpaka akazimia watu wakampepea, ndo anajihesabia kwamba kalia kuliko mimi.

Sijali kabisa anachosema, hilo lijulikane.

Sasa kuna sendofu ya mwanawe, nadhani hapo ushaelewa. Niliahidi laki mbili kwenye kamati, na ile hela ninayo, nimeitoa kwenye kikoba, ipo ndani ya bahasha. Na hesabu ya daktari inakaribiana nayo. Mimi sio mchoyo, kichen pati ya mtoto wa kwanza wa dada nilibeba vyombo vya plastiki vyote peke yangu, muulize yeyote. Huyu binti mwenyewe nampenda, hana kosa, tena ndo peke yake alinitumia meseji pembeni akaniuliza mamdogo paka anaendeleaje. Nikimnyima mchango wake kwa ajili ya ujeuri wa mama yake nimefanya nini. Lakini pia nikimpa, nikavaa sare, nikacheza pale ukumbini na watu walewale wa grupu, paka yuko ndani anaoza sikio?

Na kuna kitu kingine sijamwambia mtu. Naogopa hicho kipimo. Mama alikuwa anaenda sokoni, anapiga soga, siku majibu yametoka ndo akaanza kuisha. Mtaani wanasema kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Daktari nilimuuliza akasema hapana, kinachoisambaza ni kuiacha, na kwamba mama naye angewahi ingekuwa habari nyingine. Sijui kwanini alinijibu mpaka la mama, sikumuuliza la mama. Kwahiyo saa nyingine nawaza nisimpime, nimpe dagaa wake ale hadi basi. Halafu nikimuona anakuna lile sikio nasema hapana, kesho nampeleka.

Kwa sasa nimemfungia ndani, daktari kasema asitoke kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Analia mlangoni mchana kutwa, anakwangua, umeme ukikatika feni hakuna, wapangaji wenzangu wananiangalia vibaya.

Usinishauri nimsamehe dada, hilo sijauliza. Na usiniambie nimpigie simu. Na kama utasema nimpigie, basi niambie nianzie wapi, maana nikishika simu naiona ile sentensi tu. Hela ya kamati inakusanywa jumamosi jioni, na daktari kasema kukata kinyama cha kipimo nako anaweza jumamosi asubuhi. Bahasha ni moja. Nijibu kabla ya hapo anti tafadhali.

Mimi, wa Tandika